Maji ya Ubavuni mwa Jiko

"Nipe mkono wako," Inspekta Radivoj Stančul alisema.

"Upi?" Dunja aliuliza. "Huu wa kupikia, au huo mnaosema umeua?"

Radivoj aliuvuta mkono wa kulia juu ya meza, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kucha zilikuwa fupi, kucha za mwanamke anayefua. Katika kila ukucha palikuwa na mstari mweupe uliokata kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama mtu aliyechukua chaki na rula. Akauliza mistari hiyo ameipata lini. Dunja akasema aliiona kabla ya Krismasi, akadhani ni sabuni. Akamwuliza kuhusu miguu. Dunja akasema ndiyo, nyayo zilikuwa zinamchezacheza kama amekanyaga sisimizi, lakini tangu afungwe zimetulia.

"Mahabusu imekufaa basi," akasema polisi wa mlangoni.

"Imenifaa sana," Dunja alisema. "Mlete mkeo naye apumzike."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mama mkwe wa Dunja, Desanka Mudrin, alitapika majira yote ya baridi, akafa mwanzoni mwa Februari. Daktari wa wilaya alipompasua alikuta sumu ya aseniki. Na hapa kwetu Ritovac neno hilo halihitaji mfasiri. Kila nyumba ya mkoa wetu wa Banat ina hadithi ya bibi mzaa bibi aliyeloweka karatasi za kuulia nzi kwenye maji ili aitoe sumu hiyo, na mume aliyerudi kutoka vitani na mkono wa kupiga akazikwa kabla ya Pasaka. Kwa hiyo neno liliposomwa, hakuna aliyeuliza sumu imetoka wapi. Watu waliuliza mkono ni wa nani. Na mkono ulikuwepo tayari: mkwe, binti wa milimani kusini, asiye na kaka wala mjomba hapa wa kumsimamia. Kosara, mdogo wa marehemu, alimnyooshea kidole pale pale kaburini, na polisi wakamchukua blauzi yake ikiwa imelowa maziwa. Mtoto wake, Ognjen, wa miezi mitano, akabaki kwa Kosara. Siniša, baba mtoto, alikuwa amekwisha kurudi Austria kwenye ujenzi. Vijana wetu wote wako huko. Wakubwa waliuza viwanda, wakawaachia watoto wetu pasi za kusafiria.

Mwendesha mashtaka wa wilaya, Gordan Pavkov, alilitaka jalada Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo Dunja angepelekwa gereza la wanawake, mbali, na ustawi wa jamii wangemchukua mtoto. Leo ilikuwa Alhamisi.

Radivoj alimweleza Dunja jambo alilokuja nalo. Kile kikopo cha unga kilichokutwa bandani chini ya magunia, ambacho gazeti la wilaya lilikipiga picha, kimerudi kutoka maabara. Ni mrututu. Mrututu wa kunyunyizia mizabibu, ambao kila mtu mwenye mizabibu anao.

"Sasa mmebaki na nini?" Dunja aliuliza. "Na uso wangu tu."

Kisha akauliza kitu kimoja, kile alichouliza kila siku. Mtoto anakula nini. Radivoj akasema maziwa ya kopo, bibi Kosara anamchanganyia. Dunja akasema hajawahi kushika chupa yule, atakuwa anaitema. Akageuza uso ukutani, na mahojiano yakaishia hapo.

Kwenye korido Radivoj alimpigia simu Pavkov. Akamwambia huyo wanayemwita muuaji ana alama za sumu ile ile kwenye kucha zake mwenyewe. Pavkov hakushtuka. Alikuwa anatafuna kitu.

"Mpishi yeyote huonja chungu," alisema. "Kesho, Radivoj. Saa sita mchana."

*

Daktari Emese Halas alikuwa na chumba chake chini kabisa ya hospitali ya wilaya, karibu na bomba la kupashia joto, na alivuta sigara dirishani ingawa kulikuwa na kibao kinachokataza. Alikuwa daktari wa wafu kwa miaka mingi kiasi kwamba hakumwogopa tena yeyote aliye hai.

"Kaka, umenifanya nikate msuko wa marehemu vipande kama soseji," alimwambia Radivoj. "Nitaulizwa mbinguni."

Vipande vilipangwa juu ya karatasi nyeupe, kutoka kichwani hadi nchani. Desanka hakuwahi kukata nywele. Alizisuka, akazizungusha kichwani, akafunga kitambaa, kama wanawake wa rika lake wote. Emese akaeleza bila haraka. Nywele hukua kama upana wa kidole kwa mwezi, na chochote kilichomo kwenye damu huingia humo na kubaki, hakitoki tena hata ukioga kwa magadi. Kwa hiyo msuko ule ulikuwa miaka ya mwanamke imelala mezani. Akaweka ncha ya kalamu kwenye kipande cha kwanza, karibu na kichwa. Sumu juu sana. Akasogea. Sumu ikashuka hadi kuwa kidogo tu. Akasogea tena. Juu. Tena. Chini.

"Juu ni lini?" Radivoj aliuliza.

"Baridi. Kila baridi. Kiangazi inashuka, baridi inapanda. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, lakini zote ni mbaya."

"Baridi ngapi?"

"Sita. Na yule binti amekuja lini?"

Radivoj alijua. Dunja aliolewa wakati wa kuvuna zabibu, mwaka juzi. Amekaa nyumba ile baridi mbili.

"Basi amemwekea mama mkwe sumu baridi nne kabla hajasikia kuna mwanamume anaitwa Siniša," Emese alisema, akazima sigara. "Mwambie Pavkov. Anapenda hadithi za mapenzi."

Radivoj aliziinamia zile nywele. Muuaji alikuwa mtu anayekuwepo nyumbani baridi na asiyekuwepo kiangazi, na si kwa mwaka mmoja. Siniša hakuwa huyo, maana alirudi likizo kiangazi, akaondoka kabla ya theluji. Jirani hakuwa huyo. Lakini palikuwa na mtu mmoja. Kosara alikuwa na nyumba yake mwisho wa mtaa, paa limechoka, na kila mwaka, ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, aliifunga ili asichome kuni peke yake, akahamia kwa dada yake hadi sikukuu ya Mtakatifu Đorđe. Baridi nzima. Kila baridi. Nusu ya nyumba ya Mudrin ilikuwa kwa jina lake tangu baba yao. Na ndiye aliyetangulia kunyoosha kidole. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii ilikuwa ya mama mmoja.

Akamwambia Emese. Emese akainua mabega. Alisema nywele zimemwonyesha lini, nani na vipi hazikumwonyesha. Kisha akamwonyesha picha za mwili, ambazo Radivoj alikuwa ameziona mara moja na kuzipita haraka: viganja vyenye vinundu vigumu kama punje za mtama, na shingoni madoa madogo, kama mvua ilipoanza kudondoka kwenye vumbi ikakatika. Akasema huo ni ugonjwa wa miaka, si wa mchuzi mmoja.

Njiani kurudi Radivoj aliendesha gari kwa kasi kuliko alivyozoea. Alikuwa ameacha mtoto wa miezi mitano mikononi mwa mtu ambaye sasa alimdhani muuaji.

*

Nyumba ya Mudrin ilikuwa kama zetu zote, ndefu na nyembamba, mgongo wake barabarani. Jikoni palikuwa na joto. Jiko la kuni, lile zito la chuma, liliwaka, na ubavuni mwake tangi la maji lilikuwa linatoa mvuke polepole kupitia kifuniko. Mtoto alilala kwenye kapu karibu na moto. Hakulia. Uso wake ulikuwa na rangi ya nta, na kitambaa kilichokuwa chini ya shavu lake kilikuwa kimelowa matapishi.

"Rado, futa miguu," Kosara alisema bila kugeuka. "Mama yako angekuona umeingia na tope jikoni mwa marehemu angekuchapa hadharani."

"Mtoto anaumwa tangu lini?"

"Tangu mama yake afungwe. Anamlilia. Sasa amechoka kulia."

Radivoj aliketi bila kukaribishwa. Alianza mbali, kama inavyofanywa. Aliuliza habari za paa lake, za kuni, za nani alipika na nani alipakua. Kosara alijibu yote kwa mkato. Dada alipika mpaka alipoishiwa nguvu, kisha mkwe, na sasa yeye. Mchuzi ulikuwa mmoja, sufuria moja. Akauliza kama kweli yupo hapa kila baridi.

"Ulitaka nilale wapi, kwenye theluji?"

"Kila baridi uliyokuwa hapa, dada yako aliumwa. Kila kiangazi ulichorudi kwako, alipona."

Kosara aliacha kisu alichokuwa anamenyea viazi. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kidogo, mfupi, mwenye kidevu kikali. Alielewa mara moja. Hakupiga kelele. Alimsogelea inspekta, akamfungulia mikono yote miwili mbele ya uso, karibu kabisa, viganja juu.

"Basi tazama," alisema. "Tazama vizuri mikono ya muuaji."

Radivoj alitazama. Viganja vilikuwa vigumu, vya manjano, na kutoka kwenye vidole hadi kwenye kifundo vilikuwa na vinundu kama punje za mtama. Akamwomba afungue kitambaa. Kosara akakifungua kwa hasira. Madoa ya mvua yalikuwa shingoni, yakashuka mpaka ndani ya nguo.

Wanawake watatu, na sumu moja mwilini mwa wote. Mmoja kaburini, mmoja mahabusu, na huyu hapa anamenya viazi. Hakuna muuaji anayejiwekea sumu miaka sita. Ile njia aliyokuja nayo kutoka wilayani iliishia pale, kwenye viganja vya yule bibi, na Radivoj hakuwa na nyingine.

Kapu likatikisika. Mtoto alikunja uso bila sauti. Kosara akasema saa yake imefika, akachukua chupa, akaweka vijiko vya unga wa maziwa, akainua kifuniko cha tangi la ubavuni mwa jiko na kuchota kwa kikombe cha mpini.

"Unachota humo?" Radivoj aliuliza.

"Nichote wapi? Ni ya moto tayari. Yamechemka kuanzia asubuhi."

"Na mchuzi?"

"Humo humo. Na chai. Tangi ni la nini, la kufugia samaki?"

"Unalimwaga lini? Lote?"

Kosara alimtazama kama anavyotazamwa mwanamume anayeuliza mambo ya jikoni. Akamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba tangi halimwagwi. Likikauka moto ukiwaka, linapasuka, na tangi jipya halipatikani siku hizi. Mwanamke mvivu ndiye anayeacha tangi likauke. Maji yakipungua, unaongeza ya bomba. Dada yake hakuwahi kuliacha lishuke chini ya nusu, tangu siku ya kuwasha jiko mpaka siku ya kulizima.

"Na kiangazi?"

"Kiangazi tuko jiko la uani, na gesi. Hili linalala. Rado, mtoto ana njaa."

Alikuwa ameshaifunga chupa, anaitikisa. Radivoj alisimama akaichukua mkononi mwake. Kosara akaishika. Walivutana chupa hiyo juu ya kapu, polisi na bibi kizee, na maziwa yakamwagika kidogo kwenye sakafu.

"Una wazimu wewe?"

"Mama, ukiacha mchuzi motoni mchana kutwa, unakuwaje?"

"Unakauka."

"Kabla haujakauka."

"Chumvi inazidi." Kosara alijibu kama mtu anayejibu mjinga, kisha midomo yake ikabaki wazi.

Radivoj alikwisha kuinua kifuniko. Aliingiza kisu cha viazi ndani ya tangi, akakwangua ukuta wake. Kikatoka kipande cha ukoko, cha manjano ya kahawia, kinene kama ganda la mkate. Maji huenda na mvuke. Kilichomo ndani ya maji hakina mbawa, hubaki. Unaongeza ndoo, inakwenda, na uchafu wake unabaki, unaongeza nyingine. Baridi nzima. Na mwanamke aliye bora kuliko wote mtaani, anayelinda tangi lake lisikauke, ndiye anayekusanya zaidi ya wote.

Maji yetu ya bomba, kila mtu anajua, yana rangi ya chai hafifu. Tumeyanywa hivyo tangu visima virefu vichimbwe, na kila mkurugenzi wa maji aliyekuja alituahidi mtambo wa kusafisha, akajenga nyumba yake, akaondoka. Lakini walitupa ushauri. Kosara aliukumbuka neno kwa neno, maana redio ya wilaya iliurudia wiki nzima.

"Walisema maji yakiwa na rangi, yachemsheni," alisema. "Tukayachemsha. Sisi ni watu watiifu."

Akaketi. Aliuliza, kwa sauti ndogo, amempa mtoto chupa ngapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake vile vyenye vinundu, akaacha njiani.

Radivoj alichukua rafuni chupa mbili za kioo, akamwaga kwenye sinki achari iliyokuwamo, akazisuuza, akajaza moja kwa maji ya tangi na nyingine kwa maji ya bomba la ukutani. Alifunga vifuniko. Alimfunika mtoto kwa koti lake la kazi, akamwambia Kosara avae viatu.

*

Emese alipima kabla hajavua koti. Maji ya bomba peke yake yalikuwa na aseniki kupita kiwango mara nyingi. Yale ya tangi yaliishinda mashine, ikabidi ayachanganye na maji safi ndipo iyasome. Aliandika mstari mmoja, akatia sahihi, akasema kwa mara ya kwanza tangu Radivoj amjue kwamba anatamani awe daktari wa kitu kingine.

Juu, wodini, daktari wa watoto hakuwa na habari nzuri. Mtoto alikuwa amekauka. Walimwekea dripu, lakini alitema kila chupa waliyomwekea, maziwa mapya, maji ya chupa ya dukani, chochote. Daktari alisema matumbo yale yamewaka. Alisema maziwa ya mama hupitisha sumu hiyo kidogo sana, na kwamba mtoto huyo ana kitu kimoja tu anachokijua. Yuko wapi mama yake?

Ofisi ya Pavkov ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Radivoj alivuka kwa miguu, chupa mbili za achari mikononi, watu wakampisha. Pavkov alizitazama chupa juu ya meza yake, kisha akaziondoa pale zilipokuwa karibu na karatasi. Mkurugenzi wa maji alikuwa amekwisha kumpigia. Habari Ritovac hukimbia kuliko gari la polisi.

"Anasema sampuli hupimwa kila mwezi," Pavkov alisema. "Safi zote."

"Zinachotwa wapi?"

"Kwenye bomba."

"Bomba la ofisi yake. Lenye chujio. Mji mzima unajua chai ya ofisi ya maji ni tamu kuliko ya kwetu."

"Uvumi."

Radivoj aliweka karatasi ya Emese, ya nywele na ya maji. Pavkov alizisoma zote mbili, mpaka mwisho, maana hakuwa mjinga. Wangekuwa wajinga tungewasamehe. Alikunja mikono. Akaeleza kwa upole kwamba jalada la mkwe aliyeua linakwenda mahakamani, na jalada la maji linakwenda wapi? Nani atashtakiwa, bomba? Wakurugenzi wanne, mameya watatu, na waziri mmoja aliyekata utepe? Akasema atayapeleka maji kwenye maabara ya taifa. Jibu huchukua wiki sita. Hadi hapo mshtakiwa ni mshtakiwa.

"Mtoto hana wiki sita," Radivoj alisema. "Hana hata mbili."

"Ninasikitika."

"Anahitaji titi la mama yake. Leo."

"Sheria hairuhusu mahabusu kutoka kwenda kunyonyesha."

"Inaruhusu kwenda kutibiwa. Ana sumu mwilini. Iko kwenye kucha zake, wewe mwenyewe uliniambia ameonja chungu. Daktari Halas ameandika alazwe, asisafirishwe. Nikimwacha mahabusu akafa, karatasi hiyo inabaki, na mimi nimeitolea nakala."

Pavkov alitazama dirishani. Huko nje walikuwa wanapachika taa za rangi kwenye chemchemi ya uwanja, ambayo haijatoa maji tangu wamalize kuijenga.

"Kwa pingu," alisema mwishowe. "Na asifungwe kitandani, maana vitanda vya hospitali ni vya bati. Utafungwa naye wewe. Akikukimbia, unakwenda wewe mahali pake."

*

Walifika hospitalini jua likishuka. Njiani Radivoj alimweleza Dunja yote, kuhusu tangi, kuhusu msuko, kuhusu bomba, na hakujua kama anasikia, maana macho yake yalikuwa barabarani, mbele ya gari, kama angeweza kuivuta barabara kwa macho. Neno moja tu alisema, kuuliza ni nani aliyekuwa anachota. Alipoambiwa, akafumba macho.

Kosara alikuwa mlangoni mwa wodi, amesimama, kitambaa mkononi. Alitaka kusema kitu. Dunja akampita. Kisha akarudi hatua, na Radivoj akavutwa naye.

"Nenda kamwage lile tangi," Dunja alimwambia. "Kisha pita nyumba hadi nyumba. Kila mwenye jiko la chuma. Wewe watakusikia, ulisikiwa kaburini."

Bibi akafunga kitambaa chake akaondoka, bila koti.

Muuguzi alimtoa mtoto kitandani na mrija wake wa dripu. Pingu iliunganisha mkono wa kulia wa Dunja na wa kushoto wa inspekta. Dunja alifungua vifungo kwa mkono uliobaki, na Radivoj akageuza uso wake wote ukutani, akasoma tangazo la kunawa mikono. Lakini mkono wake haukuweza kugeuka. Mtoto alipopokewa ilibidi uende na wa mama, ukajikuta chini ya kichwa cha mtoto, kidogo, chenye joto, kisicho na uzito. Akabaki amekishikilia hivyo hivyo.

Mtoto hakufungua mdomo. Muuguzi alisema kwa upole kwamba siku nyingi zimepita, pengine maziwa yamekauka, si kosa la mtu.

"Hayajakauka," Dunja alisema. "Nilikuwa nayakamua kwenye sinki la mahabusu. Kila siku, asubuhi na jioni na usiku. Walinzi waliniita ng'ombe."

Akaibonyeza chuchu, tone likaanguka kwenye midomo ile mikavu. Jingine. Radivoj aliusikia mdomo ukisogea bila kuuona, na kichwa kile kikasukuma kiganja chake. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwake. Iliita mpaka ikakata, ikaanza tena. Alijua ni Pavkov hata bila kutazama. Aliingiza mkono wa kulia kwenye mfuko mwingine, akatoa ufunguo mdogo.

"Nakufungua," alisema ukutani.

"Usifungue."

"Huwezi kumshika vizuri hivi."

"Ukinifungua, kesho watasema nilitoroka," Dunja alisema. "Nawajua. Kaa chini, bwana inspekta. Na usitikise mkono."

Radivoj alirudisha ufunguo mfukoni, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nje ya dirisha walikuwa wanawasha taa za uwanja. Mtoto alinyonya, akaacha, akapumua, akaanza tena.